Kona ya Fundi: Jamvi la mbele ya banda, na maji yanayomwagwa saa isiyo yake

Wiki hizi mbili maswali ya zege la nje yamekuja mengi, nadhani kwa sababu watu wanataka kuwahi kiangazi kabla vuli haijarudi. Nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana ukilielewa hilo, mengine ni vipande vyake tu.

Swali: Ng'ombe wanazama tope mlangoni

Mwangaluka fundi. Mimi ni mama mfugaji huku Kisesa, nina ng'ombe wanne wa maziwa na ndama wawili. Ndani ya banda kuna sakafu tayari ila pale nje mlangoni wanaposimama kunywa maji na kusubiri kukamuliwa ni tope mwaka mzima, mvua ikipiga ng'ombe anazama mpaka karibu na goti, chuchu zinachafuka na mmoja kwato imeanza kuoza. Nataka nimwage jamvi la zege la mita 6 kwa 4. Fundi wa kwanza kasema nilete mifuko 10 ya simenti na atanipigia niru ing'ae kama sebuleni. Wa pili kasema bila nondo halimalizi mwaka. Nishike la nani, na nihesabuje vifaa nisiibiwe?

Jibu

Mwangaluka mama. Usishike la yeyote kati yao kwanza. Huyo wa niru ndo ananitisha zaidi, maana niru, ule uji wa simenti unaolainishwa kwa mwiko wa chuma, ni nzuri sebuleni kwako unapopiga deki ukavua viatu, ila ng'ombe wa maziwa ana kilo mia nne na kitu na anasimama kwenye kwato ngumu zinazoteleza kwa chini, ukimuwekea niru alafu ikamwagikia mkojo na samadi umemtengenezea barafu. Akipasuka miguu ya nyuma pale, yaani ile ya kuteleza mguu mmoja huku mwingine kule, mara nyingi hasimami tena, unaita mchinjaji. Kwahiyo niru nje ya banda hapana, hata akikupigia bure.

Sasa hesabu. Mita 6 kwa 4, unene sentimita 10, unapata mita za ujazo 2.4. Mifuko 10 kwa zege hilo ni kama kipimo cha moja kwa tatu kwa sita, ambalo sisi tunamwaga chini ya msingi pale pasipoonekana, au la sivyo fundi wako amepanga kukupigia unene wa sentimita 6 akijua ukishafunikwa hutapima. Mahali pa mifugo mimi naenda moja kwa mbili kwa tatu, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Mkojo na samadi vina asidi na chumvichumvi, vinakula zege dhaifu taratibu kuanzia juu, ukija kushtuka kokoto zimebaki zimetokeza kama meno. Kwa kipimo hicho utatumia mifuko 18, nunua 19 maana kuna unaopasuka na kuna wa kuziba mianya. Ungeenda moja kwa mbili kwa nne ungekuta kama 15. Tofauti ni mifuko mitatu au minne kwa kitu utakachokaa nacho miaka ishirini, mi nakushauri usibane hapo. Mchanga chukua mita za ujazo moja na nusu, kokoto mbili, ile ya robo tatu ya inchi inatosha.

Na usikubali wapime kwa sepetu. Sepetu ya asubuhi na sepetu ya saa nane mchana mtu akiwa amechoka na njaa si sepetu moja. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35, kwahiyo mwambie seremala akugongee boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 33 kwa 33 na kimo 32, hilo ni mfuko mmoja. Unaweka boksi kwenye bati au kwenye sakafu ngumu, unajaza, unakwangua juu, unalinyanyua. Mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, matatu ya kokoto. Mchanga ukiwa umelowa unavimba, kwahiyo ukiwa mbichi jaza boksi kwa kilima kidogo.

Kabla ya zege kuna chini yake, na hapo Kisesa kuna sehemu mbili tofauti kabisa. Kama uko juu kwenye luseni, ule mchanga wa mlimani, huna shida kubwa, ondoa tu udongo wa juu wenye mizizi na samadi. Ila kama uko bondeni kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, mama huo unanyanyua nyumba sembuse jamvi la sentimita 10. Uchimbe angalau sentimita 30, ukiweza zaidi, utoe wote, urudishe mawe na moramu, ule udongo wa changarawe. Mawe Mwanza si ya kukuambia pa kupata, tumezaliwa juu yake. Panga mawe yasimame wima yakibanana, jaza mianya na mawe madogo, alafu moramu juu kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15, kila tabaka unalowesha kidogo na kushindilia mpaka kisigino kisiache alama. Watu wanapenda kumwaga kifusi chote mara moja alafu wanashindilia juu, chini kunabaki sponji, na hiyo ndo nyufa yako ya mwaka wa pili.

Mteremko: sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na banda. Kwa mita zako 4 upande wa nje uwe chini kwa sentimita 8. Funga uzi, pima kwa mpira wa maji kama huna pimamaji ndefu. Mwisho wa mteremko weka mfereji upana kama wa sepetu upeleke mkojo kwenye shimo la samadi, usiuachie barabarani au kwenye kijito kinachoshuka ziwani, majirani watakusema na bustani yako itakosa mbolea bure.

Alafu mbao za pembeni, zishindiliwe na vigingi zisitembee. Pale jamvi linapogusana na ukuta wa banda au nguzo, usiliache likamatane nalo. Weka kipande cha godoro bovu au boksi gumu lililokunjwa, unene wa sentimita moja hivi, kutoka juu mpaka chini. Banda lina msingi wake na jamvi lina kitanda chake, vikitembea tofauti vikiwa vimeshikana kimoja kitamchana mwenzake.

Sasa la nondo. Fundi wako wa pili hajakosea sana ila amekuuzia woga. Zege la chini lililolala kwenye kitanda kizuri halihitaji nondo ili likae, linahitaji mikato. Zege lote likikauka linasinyaa na litapasuka tu, ni we kuchagua lipasuke wapi. Kwa unene wa sentimita 10 mikato isipite mita 3 na kila kipande kikaribie mraba, kwahiyo la kwako ligawe vipande vinne vya mita 3 kwa 2. Mkato uingie robo ya unene, sentimita 2 na nusu. Ukitaka kuweka wavu wa BRC, ule wa nondo nyembamba zilizochomelewa, weka, unasaidia nyufa zisifunguke, hauzuii zisitokee. Ila ukiweka basi uwe juu ya biskuti za simenti, vile vibonge vya kuuinua, uje katikati au juu kidogo ya katikati. Nimeona mara nyingi wavu unatandikwa chini kabisa, mafundi wanasema tutaunyanyua na ndoano wakati tunamwaga, hakuna anayenyanyua, unaishia kwenye udongo unaota kutu na hela yako imelala hapo. Sehemu kenta ya majani itakapopanda, pembeni hapo ongeza unene ufike 15 au 20, upana wa nusu mita, maana pembe ndo inavunjika kwanza.

Tumefika kwenye maji, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko kwenye simenti. Sisi watu wa huku tuna ziwa zima mbele yetu na bado maji ya zege tunayakosea saa. Wakati wa kukoroga tunamwaga ndoo juu ya ndoo ili zege litembee lenyewe vijana wasichoke, alafu kesho yake zege linapoomba maji hakuna mtu, kila mmoja ameshalipwa ameondoka. Inatakiwa iwe kinyume chake. Kwenye kukoroga, mfuko mmoja unataka lita 25, yaani ndoo kubwa moja ya lita 20 na robo ya nyingine, na kama mchanga umelowa inapungua. Ukifika lita 40 kwa mfuko zege litakuwa tamu kumwaga, linajitandaza kama uji, ila nguvu inaweza kushuka mpaka nusu, maana yale maji ya ziada hayaliwi na simenti, yanapanda juu na kuondoka na kuacha vitundu. Zege lako liwe kama ugali wa kushikika, likikaa kwenye sepetu likatulia, ukilipiga linalegea kidogo. Vijana watalalamika. Waambie chai ipo.

Koroga kwa mkono ukavu kwanza, mchanga na simenti mpaka rangi iwe moja, alafu kokoto, alafu maji kidogo kidogo. Mfuko mmoja kwa kipimo hiki utakupa kama mita ya mraba moja na theluthi, kwahiyo kipande kimoja cha mita 3 kwa 2 kinakula mifuko minne na nusu hivi. Mi ningekushauri usimwage yote siku moja kwa koleo. Mwaga vipande viwili vya mshazari leo, vile vya pembeni kesho kutwa, ubao wa kati ukitoka ndo unakuwa mkato wako wenyewe bila kukata. Anza saa moja asubuhi. Loanisha moramu kabla ya kumwaga ili isinyonye maji ya zege, iwe imelowa ila isiwe na dimbwi. Lililokorogwa lisikae zaidi ya saa moja na nusu kwenye sinia la kukorogea, na likianza kushika usilirudishie maji, ukishalirudishia umelikata nguvu.

Likishamwagwa lisukume na sepetu pembeni ya mbao na kwenye kona, choma choma na kipande cha nondo hewa itoke. Alafu rula, ule ubao mrefu ulionyooka wa kusawazishia. Watu wawili, kila mmoja upande wake juu ya mbao, wanavuta rula huku wanaipeleka kushoto kulia kama msumeno, mbele yake kuwe na zege kidogo la kujaza mashimo. Mara mbili. Alafu floti ya mbao, kile kibao cha mkono cha kulainishia, mara moja tu kulaza kokoto.

Hapo sasa unasimama. Unakaa. Hii sehemu ndo inaharibu majamvi mengi kuliko kitu kingine na haina gharama hata ya senti. Maji yatapanda juu yataanza kung'aa, na fundi mwenye haraka atachukua simenti kavu ainyunyize ili yakauke apige mwiko aende kwake. Ukimruhusu, anatengeneza ngozi ya juu yenye maji mengi na simenti nyingi isiyoshikana na ya chini, baada ya miezi mitatu inabanduka kama ngozi ya kuungua jua. Subiri mng'ao upotee wenyewe, kwa jua letu la huku inaweza ikawa saa moja na nusu mpaka tatu, kiangazi chenye upepo wa ziwani haraka zaidi. Kanyaga kwa buti, alama ikiwa kama nusu sentimita na maji hayatoki, ndo saa yake. Piga floti ya mbao tena kwa duara, bonyeza. Usipige mwiko wa chuma.

Alafu mikwaruzo ya kwato. Ufagio mgumu wa plastiki unaacha mistari midogo, unatosha kwa mtu na kwa mbuzi, kwa ng'ombe mi naongeza mifereji. Chukua ubao wenye vipande vya nondo ya milimita 10 vilivyopigiliwa sentimita 8 hadi 10 kutoka kimoja hadi kingine, ukandamize kwenye zege bichi ukivuta, unapata mifereji ya upana na kina cha kama sentimita moja. Ivute mshazari, isiende sawasawa na njia wanayotembea, kwato inashika na maji yanapata pa kushukia. Zege likishakomaa, kabla ng'ombe hawajapanda, chukua tofali la simenti au jiwe la kokoto ulisugue juu yote lichukue ncha kali, vinginevyo hizo ncha zitachana kwato laini za ndama na we utadhani ni ugonjwa.

Na hapo ndo unarudisha maji. Jioni ile ile likishashika funika na nailoni ubanie mawe. Kuanzia asubuhi ya kesho yake mwagilia, siku saba, zisipungue. Kwa sababu jamvi lako lina mteremko huwezi kulitengenezea vibwawa kama wanavyofanya kwenye slabu za ghorofa, kwahiyo tandika magunia ya katani au majani makavu au mchanga sentimita tatu nne, uviloweshe asubuhi, mchana na jioni, nailoni juu ukiweza. Viroba vya plastiki peke yake havishiki maji, usijidanganye. Zege halikauki ndo likawa gumu, linakunywa maji ndo linakuwa gumu, na mtu anayekwambia liache jua lilikaushe anakutakia mabaya bila kujua. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilimwaga jamvi la mashine ya kusaga, siku ya pili nikaitwa kwenye msiba, nikamwachia kijana maagizo na ndoo. Nimerudi siku ya tano ndoo iko pale pale nilipoiacha, kavu, na jamvi limejaa nyufa za utando kama maziwa yaliyoungua. Nilirudia kwa hela yangu.

Watu wapite kesho yake, ng'ombe siku ya saba ikiwezekana ya kumi, kenta ya majani mpaka siku ya 28. Kwa siku saba zege lililonyweshwa vizuri linakuwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake. Hao ng'ombe wanne watafutie pa kusimama kwa wiki hiyo, hata kamba kwenye mwembe. Na vijana wavae buti za mpira na glavu, simenti mbichi inaunguza ngozi kimya kimya, mtu anashtuka jioni magoti yametoka malengelenge.

Swali: Mchanga wa ziwani

Shikamoo mzee. Niko Igombe, karibu kabisa na mwalo. Mchanga uko hapa bure, wenzangu wanazoa. Wengine wanasema mchanga wa ziwani una chumvi unaoza nondo. Niutumie kumwagia jamvi la kuanikia dagaa, na maji ya ziwa je?

Jibu

Marahaba kijana. La chumvi ni habari ya Dar es Salaam na Tanga imesafiri kwa treni ikafika Mwanza. Kule ni bahari, Victoria ni maji baridi, unayanywa, hayana chumvi ya kula nondo. Kwahiyo maji ya ziwa koroga tu, ila usichote ukingoni penye ule ukijani na povu la sabuni ya wanaofua, ingia na mtumbwi kidogo au yaache yatulie kwenye pipa. Sabuni na mimea vinaingilia simenti kushika.

Mchanga wenyewe una matatizo mengine. Wa ufukweni mara nyingi ni mwembamba na wa saizi moja, unakunywa maji mengi kabla haujalainika, na maji mengi tumeshasema ni nini. Una konokono na vipande vya magugu. Na kisheria hilo eneo si la bure kama unavyodhani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa ni eneo la kulindwa, sasa we chimba shimo la mchanga hapo uone, na mvua ikija ufukwe unakatika unawafuata mpaka kwenye nyumba. Nunua mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, tripu moja ya kenta hailingani na faini.

Wowote utakaonunua upime. Chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, mchanga sentimita 10, maji yenye kijiko kidogo cha chumvi ya jikoni yafike juu, tikisa, weka chini kwa saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando. Likizidi milimita 8 hivi uoshe au uukatae, hata kama dereva ameshainua tipa.

Ila kuhusu dagaa wenyewe sina hakika unataka zege. Jamvi linapata mchanga, kuku wanapita, na mvua ya ghafla huwezi kuwanyanyua. Vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa vinapitisha hewa chini, dagaa wanakauka mapema na wanakuwa wasafi. Kama bado unataka jamvi, hilo liwe laini kuliko la ng'ombe, unaweza kupiga mwiko wa chuma ukishasubiri, na mteremko ule ule.

Swali: Limenyeshewa usiku

Fundi habari za kazi. Nilimwaga jamvi la mbele ya banda la kuku huku Usagara jioni, usiku wa saa nne ikapiga mvua ya radi bila kutarajia. Asubuhi juu limekuwa kama limechanjwa, sasa ni wiki ya tatu, nikifagia linatoa vumbi jeupe haliishi. Fundi anataka kunipigia plasta ya simenti juu. Nikubali?

Jibu

Usikubali bado. Plasta ya sentimita moja juu ya zege linalotoa vumbi ni kama kupaka rangi ukutani kwenye vumbi, itakaa mpaka ng'ombe wa kwanza au toroli ya kwanza ipite. Kwanza jua ubovu umeingia kiasi gani. Chukua msumari wa inchi nne, kwaruza kwa nguvu sehemu tano sita tofauti. Ukichimba milimita mbili tatu ukakuta pagumu panakataa, pole ila una bahati, ni ngozi ya juu tu imeoshwa simenti yake. Sugua na brashi ya waya mpaka vumbi liishe, osha, loanisha kwa siku kadhaa, kwa kuku panatosha kabisa, tena pana ukwaruzo mzuri.

Msumari ukizama kama kwenye tofali bichi, hilo jamvi limekufa mpaka ndani na suluhisho ni mawili. Ulivunje lote ulifanye mawe ya chini ya jipya, au ulikwaruze sana, ulioshe, ulowe usiku kucha, asubuhi upake uji mzito wa simenti na brashi, na kabla haujakauka umwage zege jipya la kokoto ndogo lenye unene usiopungua sentimita 5. Mikato ya juu ifuate mikato ya chini, pale pale. Na ukumbuke mlango wako utapanda sentimita 5, uangalie kama utafunguka.

Na uliza fundi kwa nini alimwaga jioni. Mi sielewi watu wanaomwaga jioni miezi ya mvua wakati huku kwetu radi za usiku zinatoka ziwani hazipigi hodi.

Swali: Kwa kifupi tu

Nimwage kiangazi au masika? Niko Sengerema, nangojea jibu maana simenti iko stoo.

Jibu

Kiangazi, Juni mpaka Septemba, ila ujue upepo wa miezi hiyo unakausha juu kabla ya chini, zuia kwa turubai upande wa ziwani na funika mapema. Masika unaweza pia ukiwa na nailoni ya kutosha jamvi zima imekunjwa pale pale mkononi, si dukani. Simenti uliyoiweka stoo inue juu ya mbao, isigusane na ukuta, na kabla ya kuitumia bonyeza mfuko: ukikuta mabonge yanayovunjika kwa vidole ni sawa, yasiyovunjika hiyo ya kuzibia panya.